Siku ya bustani ya burudani na mtoto wa chini ya miaka mitatu: anza na usingizi wake

Mara yetu ya kwanza tulikwenda na karatasi. Mume wangu alikuwa ameorodhesha bembea kumi na moja, kila moja na saa yake, na binti yetu alikuwa na miezi kumi na minne. Kufikia saa saba mchana tulikuwa tumepanda mbili, mtoto amelia hadi sauti imemkauka, na sisi wawili hatusemezani. Tukaketi kando ya kibwawa kwa kukosa la kufanya. Pale palikuwa na bomba linalorusha maji kwa vipindi: yanaruka, yanakatika, yanaruka tena. Mtoto akanyamaza. Aliyatazama kwa karibu dakika arobaini, na kila yaliporuka alipiga ukelele wa furaha kama vile ndiyo kwanza anayaona.

Nimerudi mara nyingi tangu siku hiyo, kwanza na yeye, kisha na mdogo wake, na kila nikifika langoni naona wazazi wenye karatasi kama ile yetu. Mtoto wa umri huu hahesabu bembea. (Nikisema bembea hapa namaanisha kila mashine ya kupandwa, kuanzia farasi wa kuzunguka hadi rolakosta, ile treni ya kasi inayopanda na kushuka kwenye reli.) Siku yake inashikiliwa na usingizi, chakula na kivuli. Vipange hivyo kwanza, kisha ingiza burudani katika nafasi zinazobaki. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Hatua ya 1: Angalia umri na chanjo kabla ya kununua tiketi

Mtoto wa chini ya miezi miwili mimi namwacha nyumbani. Kinga yake bado ni changa, na kwa aliye chini ya miezi mitatu homa ya nyuzi 38 ni ya kupelekwa kwa daktari saa hiyo hiyo, haingojwi hadi kesho. Hutaki jambo hilo likukute katikati ya umati, mbali na daktari wako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye umati ni surua. Desemba 2014 ugonjwa huo ulisambaa miongoni mwa wageni wa Disneyland, California, na wagonjwa waliohusishwa na mlipuko ule wakapita 100. Wengine walikuwa watoto wachanga ambao hawakuwa wamefikia umri wa kuchanjwa. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, kwa hiyo kumkwepa mtu anayekohoa hakutoshi. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 katika nchi nyingi, na miezi 12 katika nyingine. Kama safari inaweza kusubiri achanjwe, na wiki mbili zipite baada ya sindano, isubiri. Kama haiwezi, zungumza na daktari mapema.

Upande wa urahisi wa siku yenyewe, wengi hushangaa nikiwaambia kwamba mtoto wa miezi minne hadi minane ndiye mwepesi kuliko wote. Ananyonya popote, analala kwenye mbeleko, na hajui alichokikosa. Umri mgumu ni wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili na nusu. Miguu inataka kukimbia, kigari amekikataa, na foleni ni kitu ambacho akili yake haijaanza kukielewa. Ukiwa na mtoto wa umri huo, punguza matarajio yako kwa nusu, kisha yapunguze tena kidogo.

Hatua ya 2: Chagua bustani kwa macho yake

Sifa ya bustani kwa mtu mzima ni treni ndefu na kasi. Kwa mtoto ninatafuta vitu vingine: miti mikubwa, maji ya kuchezea, wanyama, njia pana za kutembea, na eneo lililotengwa kwa wadogo. Tivoli ya Copenhagen, Denmark, iliyofunguliwa mwaka 1843, kwanza kabisa ni bustani ya kutembelea, na unaweza kununua tiketi ya kuingia peke yake, bembea ukazilipia kando. Bakken, iliyo nje kidogo ya mji huohuo, haitozi kiingilio kabisa. Utaratibu wa namna hiyo unamfaa sana mzazi, kwa sababu hutaona uchungu wa kuondoka baada ya saa mbili. Legoland ya Billund, nayo Denmark, ina sehemu nzima ya Duplo, yale matofali makubwa ya Lego, kwa ajili ya wadogo.

Bustani ninayoitolea mfano mara nyingi ni Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1952. Humo mna masanamu ya bwana mnene anayeitwa Holle Bolle Gijs. Yuko pale tangu 1959, na kazi yake ni kula takataka. Anapaza sauti akiomba karatasi, mtoto anasogeza karatasi mdomoni, nayo inavutwa ndani kwa upepo, kisha bwana anashukuru. Watoto wanazunguka bustani nzima wakitafuta karatasi za kumlisha. Sanamu hili halina foleni kubwa, halina kipimo cha urefu, na kwa mtoto wa miaka miwili hakuna bembea inayolishinda.

Soma masharti kwenye tovuti ya bustani kabla ya kwenda. Mambo matatu yanakuhusu. La kwanza ni umri wa kulipa: katika bustani za Disney za Marekani na Paris mtoto wa chini ya miaka 3 hahitaji tiketi, na Tokyo tiketi inaanza miaka 4. Kama siku ya kuzaliwa iko karibu, tarehe ya safari ina maana. La pili ni kigari. Bustani za Disney za Marekani tangu Mei 2019 haziruhusu kigari chenye upana unaozidi sentimita 79 au urefu unaozidi sentimita 132, na vile vigari vya kukokota kama mkokoteni vimekatazwa kabisa. Pima chako nyumbani. La tatu ni chakula: bustani nyingi zinazokataza chakula cha nje huruhusu cha mtoto mchanga, lakini ni vizuri uwe umeyasoma maneno hayo mwenyewe.

Hatua ya 3: Iandike siku kuanzia usingizini

Hapa ndipo siku inapopona au inapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua karatasi. Usiandike jina la bembea hata moja. Kwa siku tatu au nne kabla ya safari, andika saa ambazo mtoto anasinzia mchana na muda anaolala. Usiandike saa unazotamani. Andika zile unazoziona. Mtoto wa miezi tisa kwa kawaida analala mara mbili, na hawezi kukaa macho vizuri kwa zaidi ya saa tatu hivi. Aliyepita mwaka mmoja na nusu mara nyingi amebakiwa na usingizi mmoja, baada ya chakula cha mchana.

Sasa weka usingizi huo kwenye ratiba ya siku ya bustani, uzungushie duara, na uuchukulie kama ahadi ya daktari. Tuseme mtoto wako ana miaka miwili na husinzia saa sita na nusu mchana. Basi mnafika langoni kabla halijafunguliwa, tuseme saa tatu kasorobo asubuhi. Mna saa tatu nzuri mbele yenu, na ni saa tatu bora kuliko zote za siku: jua halijawa kali, foleni fupi, mtoto hana kinyongo na mtu. Saa tano na nusu mnakula, mapema kabla ya umati. Saa sita mnaanza kuelekea mahali pa kulala.

Mahali hapo papatikane kabla hujapahitaji. Kama mnalala hoteli iliyo karibu, rudini. Ndiyo, mtapoteza saa mbili, na ndiyo, mmelipia. Nimejaribu njia zote mbili, na sijawahi kujuta kurudi. Mtoto aliyelala kitandani saa moja na nusu anarudi jioni akiwa mtu mwingine, na jioni bustani inapendeza kuliko adhuhuri. Kama hakuna pa kurudi, tafuta kwenye ramani sehemu yenye miti, mbali na spika na mbali na rolakosta. Hapo mnalaza kigari, mnafunga mikanda yake, mnasukuma taratibu kwenye njia moja huku na huko hadi apitiwe.

Usingizi wa kwenye kigari una masharti yake. Kigari cha mtoto ambaye shingo yake haijakaza kilazwe chali kabisa, kwa sababu kidevu kikilala kifuani njia ya hewa inabanwa. Katika mbeleko ni vivyo hivyo: uso uonekane, pua isizibwe na nguo, na awe juu kiasi cha kuweza kumbusu kichwani bila kuinama sana. Na tafadhali usifunike kigari kwa khanga, shuka wala taulo ili kupata giza, hata kama kitambaa ni chepesi. Hewa ndani inakwama na joto linapanda haraka kuliko unavyodhani. Geuza kigari jua liwe mgongoni kwake, kunjua paa lake limpe kivuli, na umguse nyuma ya shingo kila baada ya dakika chache. Ikiwa pana jasho, msogeze.

Kwa mtoto wa miezi tisa mwenye usingizi mara mbili, ule wa asubuhi unaweza kulalwa kwenye mbeleko huku wakubwa wakipanga foleni. Ule wa mchana mpe utulivu kamili. Usingizi wa mara zote mbili ukiwa wa vurugu, jioni hakuna atakayebaki na subira.

Hatua ya 4: Funga mfuko, kisha uupunguze

Wazazi wapya hubeba nyumba nzima, nami nilikuwa mmoja wao. Vinavyotumika kweli ni hivi: nepi moja kwa kila saa mbili utakazokuwa nje, na tatu za akiba, vitambaa vyenye maji vya kufutia, nguo mbili kamili za kubadilisha za mtoto na fulana moja ya mzazi, kwa maana kinachomwagika hakichagui, kofia pana, vizuia kelele vya kuvaa masikioni, mifuko midogo ya plastiki ya kutia nepi chafu, na kile kitu kimoja anacholala nacho, kiwe mwanasesere au kipande cha khanga. Hicho cha mwisho kifungwe kwa kamba kwenye kigari. Kikidondoka kwenye bustani ya maelfu ya watu, usiku wa siku hiyo hakuna atakayelala.

Kama mtaingia kwenye maji ya kuchezea, beba nepi ya kuogelea. Nepi ya kawaida inafura kwa maji na kumlemea mtoto.

Chukua kigari na mbeleko pia, hata kwa mtoto anayetembea. Kigari huachwa nje ya foleni na nje ya bembea karibu zote, na ukiwa ndani ya foleni ya dakika ishirini na mtoto wa kilo kumi na mbili mkononi, mbeleko inauokoa mgongo. Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye mpini wa kigari. Ukitoka utakikuta kimehamishwa na wafanyakazi na kupangwa kati ya vingine mia vinavyofanana. Simu na pesa zisibaki humo.

Hatua ya 5: Nusu saa ya kwanza ndani

Umati wote ukikimbilia bembea kubwa, ninyi nendeni polepole kuvitafuta vitu vinne kwenye ramani: chumba cha watoto wachanga, kituo cha huduma ya kwanza, choo kilicho karibu na eneo la wadogo, na ile sehemu ya kulala. Bustani za Disney za Marekani zina chumba kinachoitwa Baby Care Center, chenye meza za kubadilishia nepi, mahali tulivu pa kunyonyesha na viti virefu vya kulishia. Bustani nyingine kubwa zina chumba kama hicho kwa jina lingine, mara nyingi jirani na huduma ya kwanza. Ingia hata kama huna haja bado. Mtoto anapolia kwa njaa, si wakati wa kusoma ramani.

Mpige mtoto picha hapohapo, mzima mzima, viatu vikionekana. Nitaieleza sababu mbele.

Kisha mwache aangalie. Ndiyo kwanza amefika mahali penye rangi, muziki na sura elfu moja, na anahitaji muda wa kuzoea. Mtoto anayekaa kimya na kukodoa macho hajachoshwa na bustani. Anafanya kazi kubwa.

Hatua ya 6: Bembea zipi, na wakubwa wafanye nini

Kipimo cha urefu ndicho kinachoamua, na wafanyakazi hupima kweli. Katika Walt Disney World ya Florida, Seven Dwarfs Mine Train inataka sentimita 97 na Space Mountain sentimita 112. Mtoto wa miaka miwili kwa kawaida yuko kati ya sentimita 80 na 95. Mpime nyumbani ili mjue mapema, na wala usimwekee viatu vya soli nene avuke mstari. Kile kipimo kinahusu jinsi kizuizi cha kiti kinavyomshika mwilini. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa mwili wake na shingo haijapata nguvu. Mtikisiko ambao kwako ni raha, kwake ni hatari.

Zinazobaki ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri: mashua za mwendo mdogo, treni za kuzunguka bustani, farasi wa kuzunguka, na vikombe vinavyozunguka kama mtoto ana uwezo wa kuketi mwenyewe. Mashua za "it's a small world", zilizoanza kwenye maonyesho ya New York mwaka 1964 na kuhamia Disneyland miaka miwili baadaye, hazina kipimo cha urefu, zina kivuli na zinakwenda taratibu. Bembea za namna hiyo ndizo za kutafuta wakati jua limekaza. Muulize mfanyakazi maswali mawili: je, mtoto anapakatwa au lazima aketi peke yake? Na je, mbeleko inaruhusiwa? Mahali pengi watakuambia umtoe kwenye mbeleko kabla ya kupanda, kwa hiyo usingoje hadi mlango wa mwisho ndipo uanze kufungua mafundo.

Anza na bembea ndogo kuliko zote, hata kama unaona ameiva kwa kubwa zaidi. Akitoka amecheka, rudieni hiyohiyo. Kurudia ndiko anakokupenda. Akitoka amekuganda shingoni, bembea zimekwisha kwa asubuhi hiyo. Nendeni kwenye maji au kwa wanyama.

Nanyi wakubwa mnaotaka rolakosta, upo utaratibu wa kupokezana ambao wazazi wengi hawaujui. Disney wanauita Rider Switch, bustani za Universal wanauita Child Swap, na Disneyland Paris ni Baby Switch. Mwambie mfanyakazi wa mlangoni mko na mtoto asiyeweza kupanda. Mmoja anapanda huku mwingine akibaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila wa pili kurudia foleni ndefu. Namna ya kubadilishana inatofautiana: mahali pengine mnaingia wote foleni na kuna chumba cha kungojea karibu na bembea, pengine anayebaki anapewa nafasi ya kurudi baadaye. Uliza kwanza, msije mkajipanga mara mbili bure. Kama kuna kaka au dada mkubwa, huyo mara nyingi hupanda mara mbili, na kwake hiyo ni zawadi.

Hatua ya 7: Jua na joto

Mtoto hupata joto mwilini haraka kuliko mtu mzima na hawezi kukwambia. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri jua huwa kali kuliko wakati mwingine wowote. Mtoto wa chini ya miezi sita awe kivulini, na avae nguo nyepesi zinazofunika mikono na miguu, pamoja na kofia. Kinga yake ya kwanza ni hiyo, kabla ya losheni. Aliyezidi miezi sita apakwe losheni ya kuzuia jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, robo saa hadi nusu saa kabla ya kutoka, na irudiwe kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Masikio, nyuma ya shingo na juu ya nyayo husahauliwa.

Gusa kwa mgongo wa mkono kila kitu kabla hajakigusa: kiti cha bembea, kishikio cha chuma, ngazi ya mtelezo, hata sakafu atakayoikanyaga akivuliwa viatu. Vifungo vya chuma vya kigari kilichoachwa juani vinaunguza.

Aliye chini ya miezi sita hapewi maji. Mnyonyeshe au mpe chupa mara nyingi zaidi. Aliyezidi hapo mpatie maji kidogo kidogo kila mnaposimama, bila kungoja aombe. Ingieni kwenye jengo lenye ubaridi kila saa, hata kama onyesho la ndani halikuvutii.

Dalili za kuangalia: nepi kavu kwa saa nyingi, analia bila machozi, mdomo mkavu, utosi umebonyea kwa mtoto mchanga, amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, ngozi ya moto. Ukiona hizo mpeleke huduma ya kwanza mara moja, na njiani mvue nguo za juu, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, mnyonyeshe kama anaweza. Watu hao wako pale kwa kazi hiyo na hawatakuona umezidisha wasiwasi. Niliwahi kwenda na mtoto aliyekuwa amechoka tu. Walimpima, wakampumzisha kwenye chumba cha baridi, tukaondoka kwa amani.

Hatua ya 8: Kumlisha

Anayenyonyesha ana wepesi mkubwa. Tafuta tu pahali ambapo wewe unajisikia huru, maana mama akibanwa na haya, na mtoto anahangaika.

Maziwa ya kukamua hukaa hadi saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi saa 24 kwenye mfuko wa kuhifadhi ubaridi wenye barafu. Joto la bustani mchana huwa juu ya hapo, basi tumia barafu. Maziwa ya kopo yaliyokwisha kuchanganywa yasizidi saa mbili nje ya ubaridi, na mtoto akishaanza kuinywa chupa, baada ya saa moja kilichobaki kimwagwe. Kwa hiyo usichanganye chupa zote alfajiri. Beba unga uliopimwa kwenye vikopo vikavu, na maji ya moto kwenye chupa ya chai: Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kuchanganyia yasiwe chini ya nyuzi 70, kisha chupa ipozwe kabla ya kumpa. Kama yanapatikana maziwa ya kopo yaliyo tayari kunywewa, siku hiyo moja yanastahili gharama yake.

Wanaokula: leta chakula anachokijua. Bustani si mahali pa kujaribu kitu kipya. Na vile vinavyouzwa kwenye vibanda ndivyo hasa vinavyokaba watoto, yaani bisi, karanga, pipi ngumu, soseji iliyokatwa duara. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Ale ameketi, kigari kimesimama. Wengi humpa mtoto kitu cha kutafuna huku wakikimbilia onyesho, na aliye nyuma ya kigari haoni uso wake.

Puto likipasuka, okota vipande vyote papo hapo. Huvutwa kooni kirahisi na ni vigumu kuvitoa.

Hatua ya 9: Kelele, giza na vikaragosi

Tundu la sikio la mtoto ni dogo, na sauti humo ndani huwa kali kuliko ilivyo kwako. Vile vizuia kelele vya kufunika sikio lote vivalishwe kabla ya gwaride au fataki kuanza, akiwa bado ametulia. Mazoezi yafanyike nyumbani wiki moja kabla. Pamba na vizibo vidogo havifai kwa umri huu, maana vitaishia mdomoni. Fataki zitazameni kwa mbali, au msizitazame. Mara nyingi zinakuja saa mbili baada ya muda wake wa kulala.

Vikaragosi, yaani watu waliovaa vichwa vikubwa vya wanyama, humtisha mtoto aliyezoea kuwaona wadogo kwenye televisheni. Simama mbali, umchuchumalie, mpungieni mkono kwanza. Akisogea mwenyewe, vizuri. Asiposogea, usimkabidhi mikononi mwa kikaragosi kwa ajili ya picha. Binti yangu alichukua safari tatu kabla ya kugusa mkono wa mmoja, na alipougusa alifanya hivyo kwa hiari yake. Alilizungumzia jambo hilo mwezi mzima.

Hatua ya 10: Asipotee

Andika namba yako ya simu kwenye mkono wake kwa kalamu isiyofutika haraka, au kwenye bangili ya karatasi, na jina lake lisionekane na kila mpita njia. Mvalishe rangi inayoonekana kwa mbali. Mkiwa watu wazima wawili au zaidi, kila saa mtaje kwa sauti nani ana mtoto. Watoto hupotea zaidi pale ambapo kila mmoja anadhani yuko na mwenzake.

Akipotea, mmoja abaki palepale alipoonekana mwisho. Mwingine amwendee mfanyakazi wa karibu sasa hivi, bila kutafuta kwanza kwa dakika kumi, na amwonyeshe ile picha ya asubuhi. Muanze kutafuta upande wa maji.

Hatua ya 11: Ondokeni akiwa bado anacheka

Chagua saa ya kuondoka mapema, na uikaze nusu saa kabla ya ile unayodhani ataanza kuchoka. Mwambie kinachofuata kwa maneno machache: farasi mara moja, kisha gari. Aage kitu kimoja anachokipenda, apungie mkono, mwende. Akianza kugaragara chini, mchukue bila hasira na mtoke. Amemaliza nguvu zake, hajakukosea. Badilisha nepi kabla ya maegesho, maana safari ya kurudi atailala yote.

Mkifika, muogeshe kwa maji ya vuguvugu hata kama amesinzia, kwa ajili ya losheni na vumbi. Tazama vidole vya miguu, mikunjo ya shingo na mapaja, mahali nguo zilipokuwa zikisugua. Mnyonyeshe au mpe maji zaidi ya kawaida yake. Kabla ya wewe kulala, shika nepi yake uone kama ni nzito. Ikiwa kavu, mwamshe umnyonyeshe tena.